Laptopu ndogo: jinsi ya kupima wepesi wa kubeba na urahisi wa kutumia kabla hujatoa hela

Mtu akitaka laptopu ndogo utamsikia "nataka kitu chepesi tu cha kubeba". Sawa. Sasa muulize ataifungulia wapi, utaona anaanza kufikiria hapohapo, na hilo ndo swali lenyewe, maana begi unalibeba saa moja asubuhi na saa moja jioni lakini kioo unakitazama siku nzima.

Hapa naongelea hizi laptopu used zinazoingia kutoka Ulaya, Marekani na Dubai, zile tunazozikuta Kariakoo zimepangwa mezani kwa mafungu, ThinkPad, EliteBook, Latitude, MacBook, kuanzia inchi 11 mpaka 14. Mpya pia kanuni ni zilezile ila mpya ina kasheshe ndogo kwa sababu unaweza kusoma kila kitu kwenye boksi. Used lazima uipime kwa mikono yako.

Kwanza jua unaifungulia wapi

Chukua mtu anakaa Kimara anafanya kazi Posta. Asubuhi kapanda mwendokasi, kasimama, mkono mmoja umeshika bomba, begi liko kifuani asije akaibiwa, humo ndani hakuna mtu wa kufungua laptopu hata ingekuwa saizi ya daftari. Anashuka, anaiweka mezani, anaitumia mpaka jioni, anarudi nayo. Huyu anachohitaji ni wepesi. Udogo hauna kazi kwake, tena utamuumiza maana masaa nane mazima anakodolea kioo kidogo bila sababu.

Halafu kuna yule wa field, anakusanya data vijijini au anakwenda kwa wateja wa mikopo, anafungulia mapajani, juu ya boneti, kwenye benchi la ofisi ya kijiji, au yuko kwenye basi la Mbeya na abiria wa mbele kalaza siti mpaka mwisho. Huyo sasa udogo unamfaa kwelikweli. Kwenye basi tatizo linakuwa urefu wa kile kifuniko, yaani siti ikilala mbele yako laptopu ya inchi 15.6 haifunguki hata nusu, unabaki kuchungulia kioo kama unasoma chini ya mlango.

Kwahiyo kaa na karatasi, andika wiki yako ya kawaida ilivyo: unaifungulia wapi, kwa muda gani, na unafanya nini. Usiandike wiki unayotamani kuwa nayo, ile ya kukaa kwenye kahawa na laptopu nyembamba. Andika iliyopo. Ukikuta zaidi ya nusu ya muda iko mezani sehemu ileile, wewe nenda inchi 13 mpaka 14 iliyo nyepesi, usihangaike na 11 na 12. Ukikuta unahamahama kutwa na hakuna meza, hapo ndo 12.5 inaanza kuwa na maana.

Udogo sio wepesi

Hapa wengi wanapigwa na wala sio na muuzaji, wanajipiga wenyewe. ThinkPad X270 ina kioo cha inchi 12.5 na ukiiwekea betri ndogo ya nyuma inakaa kwenye kilo 1.3 hivi, ukiiwekea ile betri nene inapanda zaidi. Njoo kwa ThinkPad X1 Carbon ya mwaka 2018, ile ya kizazi cha sita, kioo chake ni inchi 14 kamili na uzito ni kama kilo 1.13. Yaani kubwa ndo nyepesi. MacBook Air ya M1 ya mwaka 2020 ni inchi 13.3 na kilo 1.29. Kuna hata LG gram ya inchi 17 yenye kilo 1.34, inchi 17 nzima.

Siri yake ni jinsi ilivyoundwa. Carbon imetengenezwa kwa kaboni na magnesiamu, betri imelazwa bapa ndani, RAM (kumbukumbu ya kazi) imechomelewa kwenye ubao. X270 inabeba betri mbili, sloti ya RAM ya kutoa na kuweka, tundu la waya wa intaneti, kila kitu. Kwahiyo unapolipia wepesi kuna kitu unakiacha, na mara nyingi unachoacha ni uwezo wa kurekebisha baadaye. Hili nitalirudia kwenye betri.

Pima begi, usipime mashine

Namba ya uzito kwenye intaneti ni ya laptopu peke yake tena toleo jepesi kuliko yote. Wewe hutembei na laptopu peke yake. Chukua begi lako, weka laptopu, chaja na waya wake ule mnene wenye plagi ya pini tatu, mausi, flashi, chochote unachobeba kila siku, nenda kwa mangi kaliweke kwenye mzani au tumia ule mzani wa kuning'iniza wa mabegi ya safari. Namba utakayopata ndo uzito halisi.

Chaja za zamani za wati 65 na waya wake zinaweza kufika gramu 300 na zaidi. Sasa piga hesabu: tofauti ya EliteBook 820 G3 (inchi 12.5) na 840 G3 (inchi 14) ni kama robo kilo. Maana yake unaweza kuchukua ile ya inchi 14, ukanunua chaja ndogo ya USB-C kwa laptopu inayokubali kuchajiwa hivyo, na begi likawa na uzito unaokaribiana, huku kioo umepata kikubwa. Mtu hafikirii hivi kwa sababu chaja haikai kwenye picha ya tangazo.

Na kinyume chake pia ni kweli. MacBook ya inchi 12 iliyotoka 2015 ina gramu 920 tu, ukiishika unaona raha. Lakini ina tundu moja la USB-C, moja, hilohilo la kuchajia. Ukitaka kuchomeka flashi ya mteja unahitaji habu, kile kidude cha kuongeza matundu, ukitaka projekta unahitaji habu, ukitaka kuchaji huku unafanya hayo unahitaji habu yenye njia ya chaja. Kibodi yake ni ile ya kipepeo ambayo Apple wenyewe ilibidi mwaka 2018 waanzishe mpango wa kuzitengeneza bure kwa sababu vumbi kidogo tu kitufe kinagoma, na sisi hapa na vumbi tunajuana. Mtu anaishia kubeba na kibodi ya bluututhi. Laptopu ya gramu 920 yenye habu, mausi na kibodi ya pembeni imeshakuwa mzigo kama mizigo mingine, tena mzigo wa vipandevipande ambavyo kimoja lazima kisahaulike nyumbani.

Kioo: acha kuuliza inchi, uliza urefu wa kwenda juu

Inchi zinapimwa kona kwa kona. Hazikuambii kioo kina umbo gani. Kazi zetu nyingi zinakwenda chini: barua, ripoti, Excel, kurasa za intaneti, PDF. Kinachokusaidia ni urefu wa kusimama.

Laptopu ya inchi 14 ya kile kioo kipana cha 16:9 (upana 16 kwa kwenda juu 9) ina urefu wa sentimita 17.4 hivi. Ya inchi 13.3 yenye umbo la 16:10, kama MacBook Air, ina karibu 17.9. Umeona? Ndogo inaipita kubwa kwa kwenda juu. Zile za 3:2 kama Surface Laptop ya inchi 13.5 zinafika 19, hapo imeikaribia laptopu ya inchi 15.6 ambayo ina 19.4. Na upande wa chini kabisa, inchi 12.5 ya kioo kipana ni sentimita 15.6, inchi 11.6 ni 14.4 tu. Sentimita tatu kati ya 14.4 na 17.4 unaweza kuona ni ndogo, ila toa pale juu menyu za Word, toa mstari wa chini wa Windows, kinachobaki cha kuandikia kwenye ile ndogo ni kama dirisha la daladala.

Nenda na rula dukani. Kweli, rula ya shule. Muuzaji atacheka, acha acheke.

Sasa kuna hili la piseli, yale madoa madogo yanayotengeneza picha, ambalo linachanganya watu sana. Wauzaji watakwambia "hii ni full HD kaka" yaani 1920 kwa 1080, na ile nyingine ni 1366 kwa 768, unalipa zaidi ukijua unapata nafasi zaidi. Kwenye kioo cha inchi 12.5 full HD ikiwa kwenye asilimia 100 herufi zinakuwa kama za kwenye karatasi ya maelekezo ya dawa, hakuna mtu anafanya kazi hivyo siku nzima. Kwahiyo unaenda kwenye setting unakuza. Ukikuza asilimia 125 unabaki na nafasi ya 1536 kwa 864, hapo bado umefaidika. Ukikuza asilimia 150 nafasi yako inakuwa 1280 kwa 720, ambayo ni ndogo kuliko ile 1366 kwa 768 uliyoidharau! Herufi zitakuwa zimenyooka na safi zaidi, hilo sikatai, macho yatapumua, ila mistari ya Excel utakayoona kwa mara moja ni michache.

Jaribio lake ni rahisi. Kaa kwenye kiti, egemea mgongo kama unavyokaa siku zote, usiinamie kioo. Fungua Excel au Word. Kuza mpaka usome bila kukaza macho. Sasa angalia umefika asilimia ngapi na unaona mistari mingapi. Kama umeegemea na unahitaji 150 kwenye 12.5, basi hiyo 12.5 sio saizi yako, na hii inawahusu sana waliopita miaka 40 ila nimeona hata vijana wenye miwani. Fanya hivyohivyo kwenye ya inchi 14 iliyo pembeni yake, maduka yanazo zote mbili.

Ukishaichukua ndogo kuna namna ya kuiongezea nafasi bila hela. Ctrl na F1 inaficha ile mistari minene ya juu kwenye Word na Excel, ukitaka unairudisha kwa hiyohiyo. F11 kwenye brauza inajaza kioo kizima. Mstari wa chini wa Windows unaweza kuuweka ujifiche wenyewe. Vitu vidogo hivi vinabadilisha kabisa laptopu ya 768.

Mwanga nao. Ukiwa unatumia nje, barazani au field, vioo vingi vya zamani vya aina ya TN vinakuwa kama kioo cha kujitazamia, unaona sura yako na ukiinamisha kidogo rangi zinageuka. Tafuta aina ya IPS, hiyo haigeuzi rangi ukiitazama kwa pembeni. Namna ya kujua bila kusoma chochote: fungua picha yenye sura ya mtu, kisha chungulia kutoka juu, chini na pembeni. Sura ikigeuka kuwa negativu ujue ni TN. Halafu toka nayo mpaka mlangoni, kwenye jua la saa saba. Mwenye duka akikataa usogee mlangoni mwambie asimame na wewe.

Kibodi

Hapa ndo laptopu ndogo zinapofia, na hapa ndo napenda kukaa sana.

Kibodi ya kawaida vitufe vyake vimepishana milimita 19 katikati kwa katikati. Kwahiyo weka rula ukingo wa kushoto wa Q mpaka ukingo wa kushoto wa P, iwe sentimita 17 na nukta kidogo. Ikiwa hivyo, vidole vyako havitajua kama laptopu ni ndogo. Laptopu nyingi za inchi 12.5 zinafika hapo au karibu kabisa, ndo maana hii saizi ilidumu miaka mingi maofisini. Ikishuka kwenda sentimita 15 hivi, utakuwa unagonga vitufe viwiliviwili na hutakaa uzoee kama una vidole vya wanaume wa kazi.

Wanaokumbuka Asus Eee PC 701 ya mwaka 2007 wanajua naongea nini. Kioo inchi 7, piseli 800 kwa 480, kilo haifiki, dunia nzima ikaichangamkia. Kwenye kibodi walibanwa nafasi mpaka Shift ya kulia wakaipeleka nje ya kile kishale cha juu, yaani ukitaka herufi kubwa kidole kinakutana na kishale kwanza, unarukia mstari wa juu, unaandika katikati ya sentensi nyingine. Zile netibuku zilizofuata za inchi 10 zilirekebisha kiasi, ila kioo chake cha 1024 kwa 600 kilikuwa kinakata vibokisi vya Windows mpaka kile kitufe cha OK kinabaki chini ya kioo hukioni.

Basi ukiwa dukani omba nafasi uandike. Sio kugusagusa, uandike aya nzima.

"Bosi, naomba nikae nayo dakika kumi."

"Si unaona inawaka kaka, kila kitu kipo fresh."

"Naiona. Nataka niandike kidogo."

Fungua Notepad, andika kitu kama hiki: "Ng'ombe wa jirani yangu wamezunguka nyuma ya zizi, wang'oa nyasi zote." Sentensi ya kijinga ila ina kazi yake. Kwanza ina ile alama ya ng', ambayo sisi tunaitumia kila saa na kwenye kibodi za nje inahamahama. Pili ina Z na Y nyingi. Mzigo mwingi wa used unatoka Ujerumani, na kibodi ya Kijerumani Z na Y zimebadilishana, ile alama ya ng' inataka Shift tena ipo karibu na Enter. Za Kifaransa na Kibelgiji, zile wenzetu wa Kongo na Burundi wamezizoea, A na Q zimehama na alama yetu iko kwenye kitufe cha namba 4. Wauzaji wanabandika stika juu na wanabadilisha lugha kwenye Windows iwe ya Marekani, kwa hiyo herufi zinatoka sawa, lakini stika zinachubuka ndani ya miezi na umbo la vitufe halibadiliki: Shift ya kushoto inabaki fupi na kuna kitufe kimezidi pembeni yake, unakigonga kila ukitaka herufi kubwa. Kama unataipu bila kutazama unaweza ukaishi nayo. Kama unatazama vidole, tafuta yenye mpangilio wa Kiingereza au mwambie fundi abadilishe kibodi kabla hujalipa, hela hiyo iingie kwenye bei.

Kwenye laptopu ndogo angalia na pembeni za kibodi, maana katikati wanaacha pazuri pembeni ndo wanapobana. ThinkPad hizi kuanzia X230 zimewekewa Page Up na Page Down kubana kishale cha juu, mtu wa Excel anaruka kurasa bila kutaka. EliteBook vishale vya juu na chini ni nusu nusu. ThinkPad pia ile Fn imekaa kwenye kona ambapo wengine wanaweka Ctrl, ila hiyo unaingia BIOS (setting za mashine kabla Windows haijawaka) unazibadilisha zinapokezana, shida imeisha. Mhasibu ambaye hawezi kuishi bila zile namba za kulia, ajue kwamba chini ya inchi 15.6 ni nadra sana kuzipata, anunue kibodi ya namba ya USB, ni ndogo kama kikokotoo na inakaa kwenye begi.

Tachipadi jaribu kuburuta faili kutoka kona moja hadi nyingine. X240 hasa, watengenezaji waliondoa vile vitufe vilivyo juu ya padi, padi nzima inabonyea, watu walilalamika sana mpaka X250 wakavirudisha. Zipo nyingi sokoni, zinafanana kwa nje, soma jina kwenye ukingo wa kioo.

Betri na umeme wetu

Laptopu nyepesi ya betri iliyokufa ni nyepesi bure, kwa sababu sasa unabeba chaja na unatafuta soketi. Kabla ya kulipa fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, bonyeza Enter, itakuandikia faili limewekwa wapi. Lifungue kwenye brauza. Angalia mistari miwili, Design Capacity ambayo ni ujazo wa kiwandani na Full Charge Capacity ambayo ni ujazo wa sasa. Kama ya kiwandani ni 50,000 na ya sasa ni 25,000 umebaki na nusu. Dukani wanapenda kusema "inakaa masaa manne", hilo faili halina maneno mengi.

Kwa sisi ambao umeme unakatika, zile ThinkPad za betri mbili, X240 mpaka X270 kwa ndogo na T480 kwa inchi 14, bado nazipenda kuliko hizi nyembamba. Moja iko ndani, nyingine unaichomoa nyuma, na unaweza kuichomoa laptopu ikiwa inawaka ukaweka nyingine, ile ya ndani inashikilia. Unanunua betri ya pili ya nje, unaiacha kwenye begi, umeme ukikatika huna habari. X280 waliondoa mpango huo, ikawa nyembamba na RAM ikachomelewa. Kila mtu na kipaumbele chake ila mimi mtu wa field sitampa X280.

Anayekaa mjini mwenye ofisi yenye jenereta, achukue nyembamba yenye kuchaji kwa USB-C, kwa sababu hapo chaja moja ya wati 65 inatumikia simu na laptopu. X270, T480, X1 Carbon ya kizazi cha tano kwenda mbele zote zinakubali. Jaribu kila tundu la USB-C papo hapo, hayo matundu yanalegea kwa matumizi na kuyabadilisha ni kazi ya fundi mwenye mkono mtulivu.

Vya ndani, kwa kifupi

RAM GB 8 ndo mwanzo, na kama imechomelewa kwenye ubao usikubali GB 4 hata kwa bei gani, hutaiongeza. Prosesa soma ile namba baada ya i5: i5-8250U ni kizazi cha nane, i5-7200U cha saba. Microsoft walisitisha apdeti za kawaida za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa Intel inataka rasmi kizazi cha nane kwenda juu. Ndo maana X270 na 820 G3 zimeshuka bei, sio kwamba ni mbovu. Ukiwa tayari kutumia Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, ni mali nzuri sana, ukiwa unataka Windows bila kuungaunga tafuta EliteBook 830 G5, T480s, Latitude 7390 na ndugu zao, na hata hapo soma prosesa maana 830 G5 nyingine zina i5 ya kizazi cha saba.

Zile ndogo za bei chee

Inchi 11.6, plastiki, rangi ya bluu, mpya ndani ya boksi, RAM GB 2 na hifadhi ya eMMC GB 32. HP Stream na wenzake. Uzito sawa, kibodi hata sio mbaya. Ila Windows yenyewe ikijikalia humo na apdeti moja kubwa, hifadhi imejaa, na haibadilishwi. Usimnunulie mwanao wa chuo hiyo, bora used ya zamani yenye SSD. Chromebook za mashule ya Marekani nazo zinakuja kwa mafungu, kila moja ina tarehe yake ya mwisho ya apdeti na inasomeka kwenye setting upande wa About ChromeOS, angalia kwanza kabla ya kufurahia bei.

Surface Go na tableti nyingine za kibodi ya kuvua, nzuri kwa kusoma na kusaini, ila ule mguu wa nyuma unataka sehemu bapa ndefu. Mapajani inayumba. Kama kwenye karatasi yako umeandika "mapajani" mara nyingi, achana nayo.

Njia ya vioo viwili

Kuna namna ya kupata vyote bila laptopu ya ajabu: ndogo ya njiani, kioo kikubwa kibaki mezani. Monita used ya inchi 22 au 24 yenye 1920 kwa 1080, kibodi ya kawaida ya USB na mausi, vinabaki nyumbani au ofisini. Ukifika unachomeka waya mmoja au miwili. Shingo nayo inashukuru, kwa sababu laptopu yoyote kioo kimeungana na kibodi, mikono ikikaa vizuri shingo inainama, na kadri kioo kinavyokuwa kidogo ndo kinakaa chini zaidi. Usiniambie utatumia TV ya sebuleni, TV nyingi za inchi 32 ni 1366 kwa 768, ukikaa karibu herufi zinakuwa na meno, na isitoshe saa mbili usiku wenye nyumba wanataka taarifa ya habari na tamthilia.

Angalia tu matundu yanaoana. X270 ina HDMI, hiyo rahisi. X240 na X250 zina DisplayPort ndogo na VGA, EliteBook 820 ina DisplayPort kubwa na VGA. Waya ununue siku hiyohiyo na uujaribu palepale dukani.

Ukienda hivi, ile 12.5 inakuwa na akili hata kwa mtu wa ofisini, kwa sababu muda wa kukodolea kioo kidogo umepungua. Ila ukijumlisha bei ya monita, kibodi na waya, linganisha na inchi 14 nyepesi moja inayomaliza kazi. Mwanafunzi anayekaa hosteli ya watu wanne meza moja, monita ataiweka wapi? Huyo namwambia T480s, inchi 14, kilo 1.3 na kidogo, basi. Mwandishi wa habari anayezunguka mikoani, X270 na betri ya ziada. Dada wa mauzo anayefungua presentesheni kwa wateja na kujibu barua pepe tu, MacBook Air ya M1 itamtosha miaka, mradi awe na habu moja ndogo ya kudumu kwenye begi. Mhasibu wa kushinda kwenye Excel kuanzia saa mbili mpaka saa kumi na moja, huyo asinisumbue na habari za ndogo, achukue 14 full HD na monita, au 15.6 kabisa na begi la mgongoni.

Ukishachagua, kabla ya kutoa hela ishike kwa kona moja mkono mmoja uinyanyue ikiwa imefunguliwa. Isilie, kioo kisitikisike wala kuzima. Fungua na kufunga bawaba mara kadhaa polepole, laptopu zilizobebwa sana ndo bawaba huchoka, na waya wa kioo unapita humo. Halafu dai warantii iandikwe kwenye risiti, na neno betri na neno chaja yaandikwe humohumo, kwa sababu wengi wakikwambia "warantii ya mwezi" wanamaanisha kila kitu kasoro hivyo viwili.